Kazi ya Nyumbani Iliyomrudia Shangazi

14 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yule paka, ameacha kulala ndani ya sufuria? Huku wazima. Mama anakohoa kidogo lakini hajaacha kusema, kwa hiyo si ugonjwa wa kutisha. Mdogo wangu wa mwisho kang'oka jino akalimeza, sasa kila asubuhi anatuuliza kama litaota tumboni. Baba hajambo, anakusalimu sana.

Sasa kaa kitako. Nimepewa somo la dini! Darasa la kwanza! Mimi, niliyekuwa nasinzia kwenye kipindi chako mpaka unanirushia chaki! Mwalimu wa somo hilo kastaafu, mwalimu mkuu akakizungushia macho chumba chote cha walimu, wenzangu wote wakainama chini ya meza kutafuta kalamu ambazo hazijaanguka. Mimi nikabaki nimekaa wima kama mjinga. Ndivyo nilivyoteuliwa.

Darasa lina watoto wa kanisani na wa msikitini pamoja, kwa hiyo nafundisha yale ya wote: kushukuru, kusema ukweli, kusamehe. Siku ya kwanza nikauliza Mungu yuko wapi. Wakaitikia kwa pamoja, "Kila mahaliii!" Nikafurahi. Kuna kasichana kamoja hakana meno mawili ya mbele, wenzake wanakaita Wakili. Kakanyoosha mkono. "Hata kwenye choo cha walimu?" Nikasema ndiyo, hata huko. "Mbona sisi tumekatazwa kuingia?"

Shangazi, nilikohoa mpaka kengele ikanisaidia.

Kesho yake nikawaambia wafumbe macho tushukuru kimyakimya. Nilipofumbua yangu, watatu wamelala fofofo na wa nne anakula andazi la mmoja wa waliolala.

Mwalimu mkuu kaniambia wazi: Siku ya Wazazi, mwezi wa sita, anataka kuona watoto wamejifunza nini, siyo wamekariri nini. Asipoona kitu, kipindi anakigeuza hesabu, na mimi narudi stoo kugawa chaki. Stoo sirudi! Watoto hawa nimeshawapenda, hata yule wa andazi. Nifanyeje?

Na siku hiyo uje. Hujakanyaga kwetu tangu bibi atuache.

Mwanao anayezama,
Mwalimu (cheka tu)


3 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Nimecheka mpaka paka katoka kwenye sufuria kuja kuona kuna nini. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Msalimie mama yako, msalimie mmeza meno, msalimie jirani yenu wa kuku pamoja na jogoo wake mwenye kelele. Wengine watajijua.

Halafu hiyo "anakusalimu sana" imekuponza. Ungeandika "anakusalimu" ningeweza kudanganyika. Ile "sana" ndiyo iliyokuumbua. Mwalimu wa dini anaanza kazi kwa uongo, makubwa haya!

Haya, sikiliza. Nimefundisha watoto wadogo mpaka mvi zikanikuta ubaoni. Mtoto wa umri ule hana pa kuwekea maneno. Usimpe neno, mpe kazi. Kwenye kusamehe, wasimulie kisa cha yule kijana aliyetumbukizwa kisimani na kaka zake wenyewe. Simulia kwa mikono na miguu, uingie chini ya meza uwe kisima. Kisha mpe kila mtoto kipande cha uzi. Aende nyumbani, atafute watu wawili wanaonuniana, awakalishe, wasameheane, na kila mmoja afunge fundo lake kwenye uzi uleule. Uzi wenye mafundo mawili unarudi darasani unatundikwa ukutani. Nilipofundisha mimi, ukuta wangu ulikuwa na nyuzi kama pazia. Watu wazima walikuwa wakiniona njiani wanavuka barabara.

Sharti ni moja: mwalimu hutangulia. Uzi wa kwanza ukutani unatoka nyumbani kwa mwalimu. Mpishi asiyeonja chakula chake asimpakulie mgeni.

Kuhusu kuja, goti.

Shangazi yako


28 Februari

Shangazi wee!

Shikamoo, na wote wazima, jino halijaota, sina muda wa salamu ndefu!

Niliingia chini ya meza nikawa kisima. Nikalia kwa sauti ya kisimani, "Kaka zangu, nitoeni!" Darasa zima likaja chini ya meza kunitoa. Meza imevunjika mguu. Nikagawa nyuzi.

Unamjua fundi cherehani wa pale kona na muuza mkaa aliye mbele yake? Wale ambao moshi wa mmoja na nguo nyeupe za mwenzake vimewanunisha miaka na miaka? Mtoto wa andazi kaenda kaketi katikati ya barabara, kati ya vibanda vyao viwili, kasema haondoki. Pikipiki zinapiga honi, watu wanajaa, fundi anamwambia muuza mkaa mtoe mtoto, muuza mkaa anamwambia fundi mtoe wewe, na hayo yakawa ndiyo maneno yao ya kwanza. Wakaishia kucheka. Uzi umerudi na mafundo mawili, moja jeusi tititi!

Wengine je? Mapacha wamepatanisha baba yao na baba mdogo wao, wakakumbatiana, kisha wakagombana upya nani aliyeomba msamaha kwanza, ikabidi uzi ufungwe mafundo manne. Wakili kampatanisha mama yake na bibi yake mzaa baba. Ukuta unapendeza, Shangazi! Hata mwalimu mkuu alichungulia dirishani akajifanya anatazama kioo kilichopasuka.

Baba anakusalimu. (Bila sana.)

Mwanao anayeelea


5 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mbona kimya? Barua yangu haikufika, au goti limepanda mkononi? Mama amepona kikohozi, amerudi kwenye kelele zake za kawaida.

Mwenzio kimenuka.

Kwanza kaja mama yake Wakili, kashika kiuno mlangoni pa darasa. "Mwalimu, mwanangu kanipatanisha na mama mkwe, nashukuru. Tumelia, tumefunga mafundo. Sasa kahamia! Kaja na kitanda chake! Mlimfundisha mtoto kusamehe, mbona hamkumfundisha pa kuishia?" Mwalimu mkuu alisikia kila neno. Kaniambia bado lalamiko moja tu kipindi kigeuke hesabu.

Hilo tisa. Kumi ni sharti lako, ambalo nililiruka. Wakili alikuwa ameshaniuliza, "Mwalimu, uzi wako uko wapi?" Nikajibu haraka kwamba kwetu hatuna ugomvi. Ndiyo, najua, usinirushie chaki.

Alhamisi nikawapeleka kwenye karakana ya baba nyuma ya nyumba, atuchongee fito za kutundikia nyuzi. Mvua ikashuka, nikawaingiza wote sebuleni. Baba akaja nyuma yao na nyundo mkononi, anawachekesha, anawaonyesha maranda yaliyojikunja. Wakili akasimama mbele ya kabati la bibi. Siku zote limefunikwa kitambaa. Akakiinua. "Babu, wewe si ndiye unayetengeneza milango ya mtaa mzima?" Baba akasema ndiyo. "Mbona kabati lako halina milango?"

Shangazi, baba akageukia msumari uliokuwa umechomoza kwenye stuli, akaanza kuupiga. Akasema, "Lina milango. Imesafiri tu."

"Imesafiri na nani?"

Akajipiga nyundo kwenye kidole gumba.

Tulipofika shuleni, Wakili alipanda kwenye kiti akatungua uzi wake. Wa andazi akafuata. Mapacha wakafuata. Wote! Wamesema watazirudisha siku wa mwalimu utakapotundikwa, kwa sababu ndilo sharti, na sharti nililitaja mwenyewe siku ya kwanza kwa mdomo wangu huu. Ukuta wangu mtupu, Shangazi. Nimejipalia makaa. Siku ya Wazazi nitaonyesha fito?

Mganga hajigangi, ndiyo hivyo?

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mvua huku nzuri. Kabichi zimefunga. Paka amezaa, kumbe ndiyo sababu ya kulala kwenye sufuria, na mimi nilidhani ni kiburi. Barua zako zote zilifika. Nilikuwa na shughuli.

Mama yake Wakili mwambie mama mkwe akinyimwa jiko, ataondoka mwenyewe.

Hayo mengine hayakuhusu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Lakini kwa kuwa umeshawaingiza watoto wa watu sebuleni, ujue ukweli. Mama yangu aliniambia mimi, kwa mdomo wake, kwamba kabati ni langu. Huyo baba yako anasema aliambiwa yeye. Inawezekana. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimwambia kila mtu analotaka kusikia. Siku huyo alipokuja na mkokoteni, milango nilikuwa nimeshaing'oa kwa kisu cha mkate. Akasema mimi mkubwa nina roho ya mtoto. Nikasema yeye mdogo hana adabu. Akabeba kabati, nikabeba milango, tukatoshana. Mkubwa haendi kumpigia mdogo magoti, hasa mwenye goti kama langu.

Milango sijaitupa. Nimeilaza juu ya matofali, ndiyo meza yangu. Barua zako zote nimezijibia hapa. Meza ina kitasa, nani mwingine anayo? Nikiandika kwa nguvu kinalia, namsikia mama anatupigia kelele tukigombania sukari iliyofichwa mle: "Msibamize!"

Sasa inatosha, kabichi zinaningoja.

Shangazi yako


16 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hongera ya wajukuu wa paka. Huku wazima.

Umenipa nusu ya methali, nami nakurudishia nusu yake: wakipatana, chukua kapu ukavune. Kapu ninalo.

Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu! Umepatanisha mtaa mzima enzi zako, na sasa mtaa wangu umeupatanisha kwa posta. Fundi cherehani na muuza mkaa wanakunywa chai pamoja kwa sababu yako. Ila wewe mwenyewe una shughuli na kabichi.

Nakwambia jambo ambalo baba hajui kwamba naliandika. Jana nilimkuta anapaka mafuta bawaba za lile kabati. Bawaba ambazo hazishiki kitu! Nikamuuliza, baba, una mbao, una randa, una mikono, mbona hujachonga milango mingine miaka yote hii? Hakuniangalia. Akasema, "Nikiweka mingine, ile itarudi wapi?"

Nililia pale pale, Shangazi, na vumbi la mbao likaniingia puani nikapiga chafya na kilio pamoja.

Siku ya Wazazi ni tarehe 20 Juni. Watoto wamenituma nikuambie, na haya ni maneno ya Wakili, mimi sina mkono wangu hapo: "Mwambie shangazi wa mwalimu kwamba kazi ya nyumbani ikichelewa sana mtu anabaki darasani wenzake wakitoka kucheza."

Mwanao


4 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sitakuja, kwa hiyo usisumbuke kuniandalia kitanda cha dirishani, nataka cha ukutani, dirishani upepo unaniingia gotini.

Huyo Wakili nani anamlea?

Nilipita kituo cha mabasi nikamuuliza kondakta kama milango miwili inalipiwa kama mzigo au kama abiria. Kwa udadisi tu. Paka na wanawe watakuwa kwa jirani wiki ile yote, kwa sababu zao wenyewe.

Sitakuja.

Shangazi yako


27 Juni

Mwanangu, Mwalimu wa kweli sasa,

Usishangae mwandiko, naandikia magotini. Sina meza.

Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa umejifunika uso kwa daftari la mahudhurio, hukuona hata nusu. Na baba yako atasimulia kwa njia yake. Kwa hiyo shika hii, ndiyo ya kweli.

Basi lilinikataa mara mbili. Kondakta akaniuliza, "Mama, milango hii, nyumba iko wapi?" Nikamjibu nyumba ilitangulia, milango ndiyo inaifuata. Akacheka, akaifunga juu. Kila kituo tulichosimama vijana walipanda wakabisha: "Hodi! Hodi wenyewe!" Abiria wote ndani wanaitikia, "Karibuuu!" Sijawahi kusafiri na watu wapumbavu kiasi kile, na sijawahi kufurahi hivyo. Goti lilinyamaza njia nzima.

Nilipoingia uwanjani kwenu na mkokoteni, wazazi wakageuka wote. Huyo baba yako alikuwa jukwaani amepiga magoti, anakaza benchi lililolegea. Akaniona, akaona milango. Akasimama. Kazeeka, mwanangu! Hukuniandikia kwamba kazeeka. Nilitaka kusema kitu kikubwa, nilikipanga njia nzima, kikanitoroka. Yeye akasema, "Umechelewa." Nikamwambia, "Milango ina miguu?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bisibisi na skrubu nane zimefungwa kwenye kitambaa. Siku ya Wazazi! Mtu amekuja kwenye sherehe na skrubu za kabati mfukoni! Aliniambia baadaye kwamba amekuwa akizibeba tangu ile barua yako ya Mei ilipoondoka. Na wewe ulidhani hajui uliloliandika.

Basi mimi nikadhani yameisha. Ndipo likaja lile jitu dogo lisilo na meno na uzi mkononi. "Bado. Haihesabiki mpaka waseme." Nikasema mkubwa haanzi. Yeye akasema mdogo alishatukanwa, haanzi. Wazazi wanacheka, mwalimu mkuu ameshika kichwa. Wakili akafikiri, akasema, "Mtasema pamoja. Moja, mbili, tatu!"

Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake.

Watoto wote wakapiga ukelele wa kukata tamaa, "Aaah!" Yule wa andazi akaenda kuketi katikati yetu, kama anavyofanyaga, na andazi lake. Wakili akahesabu tena, na safari hii nikamwangalia mdogo wangu machoni, nikaona ni yuleyule aliyekuwa akinisaidia kuiba sukari. "Nisamehe." Tulisema pamoja, mwanangu. Sauti zetu ziligongana. Yangu ilipasuka, yake nayo ilipasuka, atakataa, usimwamini.

Nilifunga fundo langu. Lake akalifunga kiseremala, halitafunguka mpaka kiama. Nyuzi zote zikarudi kwenye fito watoto wakigombea viti vya kupandia. Mwalimu mkuu alifuta macho akasema ni vumbi la chaki, nje uwanjani, ambako hakuna ubao. Nilimsikia anakuambia kipindi ni chako, na darasa la pili pia. Ambacho hukusikia ni hiki: alinivuta pembeni kwenye bomba la maji akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nina kipande kingine cha uzi.

Jioni baba yako akaifunga milango kwenye kabati. Bawaba zililia mara moja tu kisha zikakubali. Wa kushoto una duara la kikombe changu cha chai. Akashika randa alitoe. Nikamwambia acha. Akaacha.

Sasa nyumba yangu imekuwa kubwa, katikati yake matofali matupu, wana wa paka wanarukaruka juu yake. Amenitumia salamu kwamba meza inakuja na basi la Jumamosi, mninga mtupu. Mwambie isiwe na kitasa, nimeshakizoea lakini isiwe nacho.

Msalimie mama yako, mmeza meno, jirani wa kuku na jogoo wake, na Wakili, huyo mpe chaki nzima kwa niaba yangu. Lakini kabla ya hao wote, anza na mdogo wangu. Msalimie sana. Hiyo "sana" nimeiandika mwenyewe.

Na mwambie asibamize.

Shangazi yako